Laptop nane za maabara ya shule, Busia: shajara ya ukarabati

Naiandika kwa mafundi wenzangu wa mpakani, na kwa shule yoyote yenye laptop mtumba zilizolundikwa stoo. Bei zote ni shilingi za Uganda, hata za vipuri vilivyotoka Nairobi. Laptop zenyewe ni za aina moja: inchi 14, prosesa Intel Core i5-6300U, RAM ya DDR4, chaja ya volti 19.5 yenye sindano katikati ya kichwa. Shule moja ya sekondari hapa Busia ilizipata kwa msaada, zikafanya kazi muhula mmoja na kidogo, kisha zikaanza kufa moja moja. Mwalimu wa kompyuta anasema ni radi. Mkuu wa shule anasema ni wanafunzi. Mhasibu anasema hana pesa.

4 Machi 2025: kupokea na kupanga

Nimezibandika namba 1 hadi 8 kwa plasta. Kabla ya kugusa bodi yenyewe, kila moja nimeitoa betri, nikachomoa chaja na kushikilia kitufe cha kuwasha kwa nusu dakika. Namba 4 ikafufuka papo hapo. Kile kidhibiti kidogo kinachosimamia umeme kilikuwa kimekwama tu, na umeme uliobaki kwenye kapasita (vipuri vinavyohifadhi umeme kwa muda) ukiisha kinaanza upya. Haina gharama yoyote, na bado kuna watu hapa mjini wanalipishwa 50,000 kwa kazi hiyo.

Namba 7 ilikuwa inamulika taa bila kuonyesha kitu. Nimetoa RAM, nikasugua meno yake ya dhahabu kwa ufutio wa penseli na kupuliza tundu lake. Ikawaka. Nimeiacha na Memtest86+, programu ya kupima RAM, usiku kucha, haikutoa kosa hata moja.

Namba 8 ilimwagikiwa chai ya maziwa. Chini ya kibodi sukari imekauka na kuwa kama lami, na miguu ya chipu imeota kutu ya kijani. Kuiosha kwa spiriti na mswaki hakukusaidia. Nyuzi nyembamba za bodi zimeshaliwa. Hii itachinjwa kuwapa wenzake vipuri.

Zilizobaki: namba 1 haina dalili yoyote ya uhai, namba 2 inazima taa ya chaja kila ikichomekwa, namba 3 ina kioo cheusi, namba 5 inawaka na kuzima bila picha, namba 6 inachemka na nusu ya kibodi imekufa. Betri mbili, ya namba 3 na ya namba 6, zimevimba hadi sehemu ya kuwekea kiganja imeinuka.

Kuhusu betri zilizovimba sibishani na mtu. Hazitobolewi, hazikandamizwi zirudi, hazichajiwi "kidogo tu tuone". Nimezitoa kwa kipande cha plastiki, si kwa bisibisi ya chuma, na ziko nje kwenye ndoo ya mchanga.

12 Machi: chaja

Laptop nane zilikuja na chaja tano tu. Mbili zinatoa volti 19.5 safi na tatu zimekufa. Chaja hizi hazina skrubu, zimegundishwa, kwa hiyo moja nimeipasua kwa kisu na nyundo. Ndani fyuzi ya kuingilia imeungua na kuacha masizi kwenye kioo chake, na ile kapasita kubwa iliyoandikwa 400V imevimba kichwani. Nikapasua nyingine mbili: hivyo hivyo. Chaja tatu, ugonjwa mmoja. Nimeliandika pembeni, maana nitalirudia.

(Anayefuata kazi hii asipasue chaja iliyochomolewa ukutani sasa hivi. Kapasita hiyo hukaa na volti zaidi ya 300 na haisamehe.)

Nilijaribu kuiokoa moja. Fyuzi mpya, kapasita mpya, kisha nikaiwasha kupitia balbu ya zamani ya waya, wati 60, iliyofungwa kwa mfululizo ili kukiwa na shoti balbu ibebe mzigo badala ya fyuzi ya nyumba. Balbu ikawaka kwa nguvu zake zote, maana yake mosfeti (transista inayofanya kazi kama swichi) ya kuingilia nayo imepiga shoti. Kuanzia hapo unanunua kipuri kimoja baada ya kingine hadi ufike bei ya chaja mpya. Nimeziacha.

Kilichofuata ni jaribio la kubana matumizi: chaja ya vichwa vingi, 35,000. Namba 1 ikawaka, kumbe ugonjwa wake ulikuwa chaja tu. Lakini ikaandika kwamba haitambui aina ya chaja, ikakataa kuchaji betri, na kufungua ukurasa mmoja ikawa kazi ya kungoja. Sindano ya katikati haibebi umeme wa kuendesha mashine. Inabeba taarifa kutoka kwenye chipu ndogo iliyomo ndani ya chaja, inayosema chaja ni ya wati ngapi. Laptop isipoipata taarifa hiyo inajihami: inashusha kasi ya prosesa na kugoma kuchaji. Chaja ya vichwa vingi haina chipu hiyo.

Ujumbe huo huo hutokea sindano ikipinda, au waya wa tundu la chaja ukikatika ndani ya laptop. Kwa hiyo kabla ya kununua nilichukua chaja nzima nikaichomeka namba 1, na ile ya vichwa vingi nikaichomeka namba 4. Lawama ikahamia kwa chaja, si kwa tundu. Nimeagiza chaja tano zenye chipu kutoka Kampala kwa 45,000 kila moja, jumla 225,000. Ile ya vichwa vingi imebaki ya kupimia.

19 Machi: namba 2, shoti kwenye njia kuu

Hapa ndipo penye kazi, nitakwenda polepole.

Dalili: ukichomeka chaja, taa yake inazima, ukichomoa inarudi. Chaja inaona shoti na kujifunga. Umeme ukiingia kwenye bodi unapita mosfeti mbili za mlangoni, kisha unamwagika kwenye njia kuu ya volti 19 inayolisha kila kitu. Nikapima ukinzani kwenda nego, mashine ikiwa haina betri wala chaja. Kabla ya mosfeti za mlangoni: kilo-omu mamia, sawa. Baada yake: 0.4 omu. Basi mlango ni mzima na ugonjwa uko sebuleni.

Tahadhari kwa wanaoanza: koili za prosesa husoma omu chache sana hata bodi ikiwa nzima. Usiione namba ndogo pale ukakimbilia kung'oa prosesa. Nilifungua namba 4, ambayo ni nzima, nikapima mahali pale pale, nikalinganisha. Kuwa na bodi nzima ya aina ile ile kulinisaidia kuliko mchoro wa saketi ambao sikuwa nao.

Kwenye njia hiyo kuna kapasita ndogo za kauri zaidi ya ishirini zilizofungwa sambamba. Moja ikipiga shoti, zote zinasoma shoti, na kwa macho huioni. Kung'oa moja moja ni kuharibu bodi. Nikatumia pawa saplai ya mezani (260,000, nilikuwa nimeinunua kwa kazi nyingine): nego kwenye nego, chanya kwenye njia kuu, volti 1 tu. Kwa nini 1 na si 19? Kwa sababu kama shoti iko kwenye mosfeti ya juu ya prosesa, volti 19 zitaingia moja kwa moja kwenye prosesa na utakuwa umeua kilichokuwa kizima. Kwa volti 1, hata ikienda huko haitaleta msiba.

Kwa ampea 1 hakuna kilichochemka. Kupapasa kwa kidole hakukusaidia. Nikapandisha kikomo hadi ampea 2.5, volti nikiziacha pale pale, nikampa kijana ninayemfundisha kazi ya kupaka spiriti ya isopropili kwa brashi juu ya eneo lote. Ilikaa ikimeremeta, kisha sehemu moja karibu na koili ya kuchajia ikaanza kukauka kabla ya nyingine.

"Bosi, hapa panakauka!"

Kapasita yenyewe ni ndogo kuliko punje ya mchele. Nikaiwekea fluksi (dawa ya kusaidia lehemu kutiririka) na kuishusha kwa bloa ya hewa moto, huku tundu la plastiki lililo karibu nimelifunika kwa karatasi ya alumini. Bodi za kiwandani hutumia lehemu isiyo na risasi inayoyeyuka kwenye nyuzi 217 hivi, wakati ile ya kawaida ya 63/37 inayeyuka kwenye 183. Ukiongeza kidogo ya 63/37 kwenye miguu ya kipuri, kinaachia bila kuchoma bodi.

Nikapima tena: shoti imekwisha. Mbadala umetoka kwa marehemu namba 8, kutoka njia ile ile ya volti 19 ili uwezo wake wa volti usiwe mdogo. Namba 2 imewaka. Gharama ya kipuri: sifuri.

27 Machi: namba 5, BIOS

Taa inawaka, feni inazunguka sekunde chache, inazima, inarudia. RAM nimebadilisha, betri ya BIOS nimetoa na kurudisha, hakuna kitu. Volti 3.3 na 5 zipo, na koili ya prosesa inapata umeme kwa muda mfupi kisha inakatwa. Nikashuku data za BIOS, programu ya kuamshia mashine iliyomo kwenye chipu ndogo ya bodi.

CH341A, kisomaji cha kusoma na kuandika chipu hiyo, pamoja na kibanio kimenigharimu 40,000. Tafuta lile toleo lenye swichi ya kuchagua volti. Toleo jeusi la bei rahisi hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data wakati chipu ni ya 3.3. Watu wengi wamebahatika nalo, mimi sipendi kubahatisha chipu ya mteja.

Kibanio kimeshindwa. Nilisoma chipu mara mbili na mafaili hayakufanana, nikasoma tena, nikapata jingine tofauti. Ukibana chipu ikiwa bado kwenye bodi, umeme wa kisomaji unavuja kwenda kulisha sehemu nyingine na usomaji unayumba. Nikaishusha chipu kwa bloa, nikaisomea nje. Sasa mafaili mawili yakafanana hadi herufi ya mwisho, megabaiti 16. Faili hilo nimelihifadhi sehemu mbili. Usiandike chochote kabla ya hapo.

Nikachukua faili zima la namba 4 na kuliandika kwenye namba 5. Picha ikaja, tukashangilia, baada ya nusu saa mashine ikazimika yenyewe. Ikawashwa, ikazimika tena. Na ilipounganishwa na namba 4 kwenye mtandao wa kebo, moja ikawa inamfukuza mwenzake, kwa kuwa anwani ya kadi ya mtandao nayo ilikuwa imenakiliwa.

Faili la chipu hiyo si kitu kimoja, limegawanyika sehemu: ya mpangilio, ya kadi ya mtandao, ya injini ya usimamizi ya Intel, na ya BIOS yenyewe. Sehemu ya injini ya usimamizi hubeba mipangilio ya bodi ile iliyozaliwa nayo, na isiporidhika huzima mashine baada ya dakika 30. Nikarudi kwenye faili la asili la namba 5, nikaacha sehemu zake zote, nikabadilisha ile ya BIOS tu kwa ya namba 4. Imekaa siku nzima ikicheza video bila kuzima, na mtandao hauna ugomvi.

5 Aprili: yaliyobaki

Namba 3: nikamulika kioo cheusi kwa tochi ya simu kwa pembeni, nikaona maandishi hafifu. Kioo ni kizima, taa ya nyuma ndiyo haipati umeme. Kebo imesagika kwenye bawaba, mahali penyewe pa kukunjia. Kebo mpya kutoka Luthuli Avenue, Nairobi, imekuja na basi la usiku: 30,000. Ilikuwa rahisi kuuziwa kioo kizima.

Namba 6: feni ilikuwa na tabaka la vumbi jekundu mithili ya blanketi, vumbi la malori ya mpakani. Nimesafisha, pasta mpya ya prosesa 12,000, kibodi 55,000. Nafasi ya betri yake iliyovimba imerithiwa na ile ya namba 8, ambayo bado nzima. Ya namba 3 nimenunua, 120,000. Spiriti ya kazi yote, 15,000.

12 Aprili: kukabidhi

Saba zimerudi shuleni zikiwa na chaja saba.

24 Aprili: mbili zimerudi

Namba 1 na namba 7, hazina uhai. Mwalimu hakuingia ndani ya kibanda, alisimama mlangoni.

"Fundi, si ulisema zimepona?"

"Zilipona, Mwalimu. Zimepigwa tena."

Laptop zenyewe ni nzima kwa chaja ya kupimia. Chaja zao mbili, mpya, zimekufa. Nimezipasua: fyuzi nyeusi, kapasita ya 400V imevimba. Nikamuuliza Mwalimu swali moja: zile zilizokufa zamani zilikuwa zimekaa wapi? Akafikiri, akasema karibu zote safu ya dirishani. Na hizi mbili? Dirishani.

Radi haichagui safu.

26 Aprili: umeme wa shule

Nimekwenda mchana na mita. Soketi za dirishani: volti 241. Za ukutani: 239. Safi kabisa, na fundi mwenye haraka angerudi nyumbani. Nikaomba kubaki hadi masomo ya jioni.

Saa moja na nusu usiku pampu ya maji ikawashwa kujaza tangi. Taa za bweni zikafifia. Taa za maabara, upande wa dirisha, zikang'aa zaidi. Hicho kitu kwenye nyumba yenye fezi moja (waya mmoja unaoleta umeme) hakitokei. Zote zingefifia pamoja. Mita kwenye soketi ya dirishani ikaonyesha 270, ikapanda, ikatulia kwenye 312. Niliamuru chaja zote zichomolewe.

Shule ina fezi tatu, na kila jengo limegawiwa fezi yake. Maabara imegawiwa mbili. Waya wa nyutro, ule wa kurudishia umeme, ndio unaozishikilia zote zibaki kwenye volti 240 hivi. Nyutro ikilegea, kati ya fezi na fezi kuna volti 415, na mizigo inagawana: fezi yenye mzigo mzito, kama pampu, inashuka, na ile yenye mzigo mwepesi, kama laptop chache, inapanda. Chaja imeandikwa volti 100 hadi 240. Ndani yake umeme unageuzwa na kufika kilele chake: 240 mara 1.414 ni 339, kapasita ya 400V inavumilia. Lakini 312 mara 1.414 ni 441. Kapasita inapasuka, fyuzi inafuata, na laptop inanusurika kwa sababu chaja imekufa kwa niaba yake. Mchana pampu haifanyi kazi, ndiyo maana hakuna aliyeona kitu.

Sikufungua boksi kuu. Hiyo ni kazi ya fundi umeme mwenye kibali cha ERA (mamlaka inayosimamia umeme Uganda), na shule ikamwita kesho yake. Alikuta nyutro ya alumini imebanwa pamoja na shaba kwenye skrubu moja, imelegea, imeungua hadi plastiki ya pembeni imeyeyuka. Kichwa kipya cha waya, kiungio sahihi cha alumini na shaba, ufundi: 120,000. Jioni pampu ikawashwa tukiwa tumesimama pale. Dirishani 243, bwenini 236.

Nimeshauri pia kinga mbili za volti, zile wauzaji wa friji huziuza, zinazokata umeme ukipanda au ukishuka na kungoja kabla ya kurudisha: 60,000 kila moja, moja kwa kila safu. Mkuu wa shule aliuliza kama moja haitoshi. Nikamwonyesha zile chaja zilizopasuliwa, akasaini.

10 Mei: hali na hesabu

Chaja mbili mpya za kufidia, 90,000. Laptop saba zinafanya kazi, na chaja zote ni nzima tangu nyutro ilipofungwa.

Vipuri na vifaa vya kutumika: chaja 315,000 (zile tano na hizi mbili), chaja ya vichwa vingi 35,000, betri 120,000, kibodi 55,000, kebo ya kioo 30,000, spiriti 15,000, pasta 12,000. Jumla 582,000. Kwa upande wa umeme wa shule, 240,000. Pawa saplai na CH341A ni vya kibanda, sikuvitoza. Ufundi tulikubaliana na shule ulipwe kwa awamu, na awamu ya kwanza imeingia kwenye simu.

Kazi inayobaki: bawaba ya namba 3 inakaza na itasaga kebo mpya kama ilivyosaga ya zamani, kwa hiyo wanafunzi wakifunga shule nitaichukua nilegeze skrubu zake na kuipaka grisi. Diski ya namba 6 inaonyesha sekta chache zilizohamishwa kwenye SMART, ripoti ya diski kuhusu afya yake. Namba hiyo nitaisoma kila mwezi, ikiongezeka tunanunua SSD kutoka bajeti ya muhula wa pili. Bodi ya namba 8 iko kwenye droo, bado ina mosfeti nzuri na tundu la chaja lisiloguswa.